Gemu za Spoti kwenye Konsoli za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni majibu kwa anayetaka kucheza soka, kikapu, hoki, ngumi au riadha kwenye mashine za miaka iliyopita, awe alizicheza utotoni au ndiyo kwanza anazishika. Mengi ni historia na ufundi. Palipo na maoni yangu utayatambua, maana siyafichi.

Konsoli ya zamani ni ipi hasa?

Hakuna mpaka rasmi. Hapa tunaanzia Magnavox Odyssey ya mwaka 1972 na kuishia kizazi cha PlayStation 2, GameCube na Xbox ya kwanza. Baada ya kizazi hicho gemu za spoti zilianza kuegemea intaneti: vikosi hubadilishwa kutoka kwenye seva, na seva ikizimwa, sehemu kubwa ya gemu huondoka nayo. Kabla ya hapo, kilichokuwemo kwenye kaseti au diski ndicho kilikuwa gemu yote, ndiyo maana tunaweza kuicheza leo kama ilivyotoka.

Gemu ya kwanza ya spoti ya kuchezea nyumbani ni ipi?

Ni tenisi ya meza ya Magnavox Odyssey, mashine iliyotokana na kazi ya Ralph Baer na wenzake. Haikuwa na sauti wala haikujua kuhesabu pointi. Wachezaji walihesabu wenyewe. Kwa gemu nyingine za mashine hiyo, kama tenisi ya kawaida, uwanja ulikuwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, unaibandika juu ya kioo cha televisheni. Mwaka huohuo Atari ilitoa Pong ya kumbi za burudani, na mwaka 1975 ikaja Pong ya nyumbani. Magnavox iliishtaki Atari, na mwaka 1976 wakapatana: Atari ikalipia leseni. Kwa hiyo ugomvi wa leseni, ambao utakutana nao tena na tena hapa chini, una umri sawa na gemu zenyewe.

Kwa nini timu za gemu za mwanzo zina wachezaji wachache uwanjani?

Mashine hazikuwa na uwezo wa kuchora zaidi. Atari 2600 ya mwaka 1977 ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu. Ndiyo, baiti, wala si kilobaiti. Chipu yake ya picha iliundwa kwa vitu vitano vinavyotembea: wachezaji wawili, risasi mbili na mpira mmoja. Walioiunda walikuwa wanafikiria gemu za aina ya Pong na vita vya vifaru, basi. Aliyetaka kutengeneza soka humo alilazimika kula njama na mashine. Kwenye Pelé's Soccer kila timu ina kipa na wachezaji watatu wanaokwenda pamoja kama pembetatu; ukimsogeza mmoja, wote watatu wanasogea. Kwa macho ya leo ni kichekesho, lakini pembetatu hiyo ndiyo inayofanya pasi ziwezekane, na aliyeibuni alistahili pongezi.

NES ya Nintendo, ambayo Japani ilitoka mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ilipanua uwanja kidogo. Iliweza kuonyesha vipande 64 vya picha zinazotembea kwa wakati mmoja, lakini visizidi 8 kwenye mstari mmoja wa mlalo wa kioo. Mchezaji mmoja huundwa kwa vipande kadhaa, kwa hiyo wachezaji wachache wakijipanga mstari mmoja nafasi inakwisha. Programu huwapokezana: huyu anaonekana, yule anafichwa, kisha wanabadilishana haraka sana. Ukiona wachezaji wanapepesa, basi, usiipeleke konsoli kwa fundi; ndivyo ilivyo.

Kutokana na hilo Tecmo Bowl ya NES, ambayo ni futiboli ya Kimarekani, ina wachezaji 9 kila upande badala ya 11. Nintendo World Cup ina 6. Ice Hockey ya Nintendo ya mwaka 1988 ina wanne na kipa, na hapo watengenezaji walifanya kitu kizuri mno: kwa kuwa ni wanne tu, wakakupa uchague maumbo yao. Mwembamba anateleza kasi lakini akiguswa kidogo anaanguka, mnene ni mzito ila shuti lake ni kombora, na wa kati yuko katikati ya hayo. Mbinu nzima ya mechi inaanzia kwenye uchaguzi huo, na unafanywa kabla filimbi haijalia.

Kocha wa futiboli ya Kimarekani, John Madden, alikataa katakata kuweka jina lake kwenye gemu isiyo na 11 kwa 11. Ubishi huo ulichelewesha gemu yake kwa miaka. Ikatoka kwanza kwenye kompyuta ya Apple II mwaka 1988, kisha ikang'ara kwenye Mega Drive ya Sega mwaka 1990.

Kwa nini majina ya wachezaji na timu ni ya uongo kwenye baadhi ya gemu, tena mara nyingine nusu ni ya kweli?

Kwa sababu haki hizo haziko mikononi mwa mtu mmoja. Ligi inamiliki majina ya timu, nembo na jezi. Chama cha wachezaji kinauza haki ya kutumia majina ya wachezaji kwa pamoja. Mchezaji mkubwa anaweza kujitoa kwenye mkataba wa pamoja na kujiuza mwenyewe. Kampuni ya gemu isiyolipa mojawapo inabaki na pengo, na ukijua kusoma mapengo hayo unajua ni nani alilipwa.

Mfululizo wa hoki wa kampuni ya EA kwenye Mega Drive ni mfano safi. NHL Hockey ya mwaka 1991 ilikuwa na leseni ya ligi bila ya chama cha wachezaji: timu ni za kweli, wachezaji ni namba tu. Iliyofuata, NHLPA Hockey 93, ikageuza kibao: wachezaji wote kwa majina yao, timu zinaitwa kwa miji bila nembo. NHL '94 ndiyo iliyopata vyote viwili. Kwenye besiboli, R.B.I. Baseball ilikuwa na wachezaji wa kweli wasio na timu za kweli.

Tecmo Super Bowl ya mwaka 1991 ilikuwa na leseni zote mbili, ligi na chama, lakini nyota watatu hawakuwa ndani ya mkataba wa chama. Hivyo Randall Cunningham akaandikwa "QB Eagles" (QB ni quarterback, mrusha mpira wa timu), Jim Kelly akawa "QB Bills", na Bernie Kosar "QB Browns". Uwezo wao uwanjani ni uleule, majina tu hayapo. QB Eagles ni moto wa kuotea mbali, na wapo waliomjua kwa jina hilo kabla ya kusikia jina lake halisi.

Kwenye soka mambo yalikuwa magumu zaidi kwa kuwa kila ligi na kila klabu ina mlango wake. FIFA International Soccer ya mwaka 1993 ina timu za taifa pekee, na wachezaji wake ni wa kubuni. Kampuni ya Konami nayo ilizoea kupinda majina: Roberto Carlos aliwahi kuitwa Roberto Larcos, na Manchester United iliwahi kujificha nyuma ya jina la Man Red. Kwenye International Superstar Soccer ya Super Nintendo kulikuwa na mshambuliaji wa Brazil aitwaye Allejo, mtu asiyekuwepo duniani, na bado anakumbukwa kwa mapenzi kuliko wachezaji wengi waliokuwepo. Vivyo hivyo kina Castolo, Minanda na Ivarov wa Pro Evolution Soccer, kikosi cha kuanzia cha Master League, ligi ya misimu mingi ndani ya gemu hiyo ya Konami. Unaanza na watu wa kubuni wasiojua kupiga pasi ya maana, na kufikia msimu wa tatu unaona huruma kuwauza.

Michael Jordan yuko wapi kwenye NBA Jam?

Hayumo. Haki za jina lake alizishika mwenyewe, nje ya mkataba wa pamoja wa wachezaji. Chicago Bulls wanachezewa na Scottie Pippen na Horace Grant.

Nianze na gemu zipi?

Kipimo changu ni kimoja: mpe mwenzako padi ya pili bila kumweleza chochote, kisha subiri. Kama mnabishana kabla ya kipindi cha kwanza kwisha, gemu hiyo ni nzima. Gemu zilizojaribu kuiga matangazo ya televisheni zilizeeka haraka, kwa sababu kila mwaka ilitokea nyingine inayoiga vizuri zaidi. Zilizopunguza sheria na kubaki na kiini cha ushindani hazijazeeka hata kidogo. Mapendekezo yafuatayo yanaegemea hapo, na wapenda uhalisia watanisamehe.

Kwenye NES, anza na Tecmo Super Bowl hata kama hujui sheria moja ya futiboli ya Kimarekani. Anayeshambulia anachagua mpango, anayelinda anabahatisha mpango gani umechaguliwa, na akipatia, mabeki wanamfurika mwenye mpira. Huhitaji zaidi ya hapo kuanza kupiga kelele. Kwa anayecheza peke yake ipo Punch-Out!!, iliyotoka mwaka 1987 na jina la Mike Tyson. Wanaiita gemu ya ngumi, na kweli ni ngumi, lakini moyo wake uko kwenye kusoma dalili: kila mpinzani ana ishara kabla ya kurusha konde, kope inapepesa, bega linashuka, na kazi yako ni kuikariri. Mkataba wa Tyson ulipokwisha, toleo la mwaka 1990 likamweka bondia wa kubuni, Mr. Dream, anayepigana vilevile.

Kwenye Mega Drive, NHL '94. Watu wasiowahi kuona barafu wanaicheza hadi leo. Iliondoa ngumi zilizokuwemo kwenye matoleo ya nyuma, ikaongeza shuti la moja kwa moja kutoka kwenye pasi na uwezo wa kumwongoza kipa mwenyewe. Kasi yake ni kamili: huna muda wa kufikiri, una muda wa kuamua tu.

NBA Jam, wawili kwa wawili, ichukue popote utakapoipata. Faulo hazipo, kusukumana ni ruksa, na anayefunga mara tatu mfululizo mpira unawaka moto mikononi mwake. Utangazaji wa Tim Kitzrow ni nusu ya raha.

Dreamcast ina Virtua Tennis, ambayo kwa vitufe viwili na mwelekeo inakupa karibu tenisi yote. PlayStation ya kwanza ina Tony Hawk's Pro Skater ya mwaka 1999, mizunguko ya dakika mbili mbili inayokula usiku mzima. Nintendo 64 ina WWF No Mercy kwa wapenda mieleka, na 1080° Snowboarding kwa wapenda theluji. PlayStation 2 ina utajiri mwingi mno: SSX 3, NBA Street Vol. 2, na Pro Evolution Soccer kuanzia ya 3 hadi ya 6.

Ninachokushauri ukiache ni gemu nyingi za soka za pande tatu za miaka ya 1995 na 1996. Wakati ule zilishangaza. Sasa kamera inayumba, mpira unaganda mguuni, na wachezaji wanageuka kwa shida. Ni afadhali urudi nyuma kwenye soka la Super Nintendo au usogee mbele miaka miwili.

FIFA au Pro Evolution Soccer?

Ubishi huu umewahi kuvunja urafiki, kwa hiyo tuuweke kwa miaka. Kabla ya 1997, International Superstar Soccer Deluxe ya Konami inashinda kwa uchezaji, FIFA inashinda kwa wingi wa timu. Mwaka 1997 FIFA: Road to World Cup 98 ikaja na mataifa 172, njia nzima ya kufuzu Kombe la Dunia, uwanja wa ndani, na wimbo wa Blur mwanzoni. Hiyo ndiyo FIFA ya zamani niipendayo kuliko zote. Kuanzia mwaka 2001, Pro Evolution Soccer ya kwanza ilipotoka kwenye PlayStation 2, hadi ya 6 mwaka 2006, sioni mjadala: mpira wa Konami ulikuwa na uzito, pasi mbovu ilikuwa kosa lako mwenyewe, na kila mchezaji alikuwa na mwendo wake. Adriano wa Pro Evolution Soccer 6, mshambuliaji wa Inter mwenye shuti lisilozuilika, ni suala jingine. Kundi linalojiheshimu hukubaliana mapema kama Inter inaruhusiwa au la.

Je, kompyuta inadanganya?

Mara nyingi, ndiyo. Mbinu ya kumsaidia anayefungwa ili mechi isiishe mapema ilikuwa ya kawaida, hasa kwenye gemu zilizoanzia kumbi za burudani, ambako mtu aliyekata tamaa hatumbukizi sarafu nyingine. NBA Jam ina msaada huo, na kwenye matoleo ya nyumbani unaweza kuuzima katika menyu ya mipangilio. Uzime.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hauzimiki kwa menyu. Mark Turmell, kiongozi wa waliounda NBA Jam, ni shabiki wa Detroit Pistons, na alikiri baadaye kwamba Bulls wakikutana na Pistons mechi ikiwa imekazana mwishoni, mitupo ya Bulls iliwekewa mkosi. Kwa hiyo kama uliwahi kupoteza mechi hiyo na ukaapa umeonewa, ulikuwa na haki.

Yale mabao ya ujanja bado yanafanya kazi?

Yanafanya, kwa kuwa hakuna masasisho ya kuyaziba. Kwenye FIFA ya kwanza, msimamishe mchezaji wako mbele ya kipa anapotaka kupiga mpira. Utamgonga na kurudi wavuni. Kwenye gemu hiyohiyo unaweza kumkimbia refa anayekuja kukupa kadi. Kwenye NHL '94, katiza mbele ya goli kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha piga kona aliyoiacha kipa. Kwenye Punch-Out!!, nywila 007-373-5963 inakupeleka moja kwa moja kwa Tyson, naye atakuangusha kabla hujakaa sawa.

Wachezaji wa siku nyingi hukubaliana mwanzoni kuhusu kipi ni halali. Bao la kumzuia kipa kwa kawaida hukataliwa. Kukatiza mbele ya goli la hoki huruhusiwa, kwa sababu linahitaji ustadi na linaweza kuzuiwa.

Kwenye TV bapa picha ni mbaya na wachezaji wanachelewa kuitika. Tatizo ni nini?

Tatizo ni TV, wala si konsoli. Mashine hizi ziliundwa kwa TV za chogo, ambazo huchora picha papo hapo jinsi inavyoingia. TV bapa huipokea, huibadilisha iendane na ukubwa wa kioo chake, huipaka urembo, ndipo inaionyesha. Shughuli hiyo inakula sehemu ndogo ya sekunde, lakini sehemu hiyo ndiyo inayotenganisha konde lililokwepwa na konde lililotua. Punch-Out!! ukifika kwa mabondia wa mwisho kwenye TV inayochelewa ni mateso matupu.

Kuna jambo la pili. Konsoli nyingi za kabla ya PlayStation 2 hutoa picha ya mistari 240, na TV nyingi za kisasa huidhania kuwa picha ya kawaida ya matangazo yenye mistari 480 inayopokezana. Zinajaribu kuirekebisha, nazo zinaiharibu.

Ufumbuzi kwa mpangilio wa gharama: kwanza, tafuta kwenye mipangilio ya TV hali ya gemu na uiwashe, uzime na vikorombwezo vyote vya kulainisha mwendo. Pili, badilisha waya. Ule wa manjano ni wa mwisho kwa ubora ukiacha waya wa antena. S-Video, RGB kupitia SCART, au waya wa component wa PlayStation 2 (picha kwa kijani, bluu na nyekundu) unaleta tofauti ya kuonekana. Tatu, kifaa maalumu cha kukuza picha za konsoli za zamani, kama RetroTINK au OSSC. Hivi vinaielewa mistari 240 na haviongezi ucheleweshaji wa kuhisika. Vijiboksi vya bei rahisi vya kugeuza waya wa manjano kuwa HDMI mara nyingi vinafanya kosa lilelile la TV, kwa hiyo havisaidii. Nne, pata TV ya chogo. Ni nzito na inakula nafasi, lakini inamaliza mjadala.

Ni kweli matoleo ya Ulaya yanakwenda polepole?

Mengi, ndiyo. Japani na Marekani ya Kaskazini zilitumia TV za picha 60 kwa sekunde, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia 50. Gemu nyingi zilihesabu muda kwa picha, na wasambazaji hawakujisumbua kuzirekebisha. Matokeo yake zikapungua mwendo kwa karibu asilimia 17, zikiwa na pindo nyeusi juu na chini ya kioo. Muziki nao unavuta miguu. Kwa gemu ya spoti tofauti hiyo ni kubwa, maana muda wa kuitika wote unabadilika. Baadhi ya gemu za Dreamcast na PlayStation 2 zinakuuliza mwanzoni uchague 50 au 60. Chagua 60 kama TV yako inakubali.

Kumbuka pia kwamba kaseti na diski za eneo moja mara nyingi hazifanyi kazi kwenye konsoli ya eneo jingine. Famicom na NES hata umbo la kaseti ni tofauti: moja ina pini 60, nyingine 72.

Gemu inawaka vizuri lakini msimu wangu haujahifadhiwa.

Kwenye kaseti, betri imekwisha. Gemu za NES, Super Nintendo na Mega Drive zenye kuhifadhi msimu zina betri ndogo ya sarafu ndani, kwa kawaida aina ya CR2032, inayoilisha chipu ya kumbukumbu. Hudumu miaka mingi, nayo miaka hiyo imeshapita. Mechi moja moja zitachezeka kama kawaida. Betri inabadilishwa kwa kulehemu, si kwa kuchomoa tu, na kila kilichokuwa kimehifadhiwa kitafutika. Kaseti hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, usilazimishe kwa kisu.

Kwenye PlayStation, kagua memori kadi. Ya PlayStation ya kwanza ina visanduku 15, na gemu za spoti zina tamaa ya nafasi. Ukicheza diski ya PlayStation ya kwanza ndani ya PlayStation 2, bado unahitaji kadi ya zamani, kwani ile kubwa ya megabaiti 8 haitambuliwi na gemu hizo.

Kwa WWF No Mercy pekee: baadhi ya kaseti za mwanzo zilitoka na hitilafu ya kufuta kila kitu zenyewe. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Nipulize kaseti?

Usipulize. Mate yana unyevu, na unyevu unakula shaba. Ilionekana kufanya kazi kwa sababu kuchomoa na kuchomeka upya kulisogeza pini zikagusana vizuri. Tumia pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili, sugua pini hadi pamba itoke safi, acha ikauke. Kwa NES inayowaka na kuzima taa kila sekunde, kasoro mara nyingi ni soketi ya ndani iliyolegea.

PlayStation 2 haisomi diski.

Futa diski kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ikigoma, safisha jicho la leza linalosoma diski kwa spiriti kidogo sana. Ikisoma diski za aina moja na kukataa nyingine, jicho limechoka na linahitaji kubadilishwa. PlayStation za mwanzo kabisa zilisifika kwa kusoma vizuri zikigeuzwa juu chini; huo si utani, na pia si tiba.

Naweza kutumia adapta yoyote ya umeme inayoingia?

Hapana, na jibu hili lichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Adapta halisi ya NES hutoa umeme wa kubadilika mwelekeo, wakati Famicom na Mega Drive zinataka umeme wa mwelekeo mmoja. Plagi zinafanana vya kutosha kukuponza, na ukikosea unaweza kuunguza konsoli. Soma maandishi kwenye adapta na chini ya konsoli: volti, aina ya umeme, na alama ya chanya na hasi. Mashine za Japani zinataka volti 100 ukutani na za Marekani 120. Kwenye umeme wa 220 hadi 240 zinahitaji transfoma au adapta mbadala inayofaa.

Tunaweza kucheza wanne?

Nintendo 64, Dreamcast, GameCube na Xbox zina matundu manne tayari. NES inahitaji kifaa cha Four Score. PlayStation zinahitaji multitap, nayo hutofautiana kati ya PlayStation 2 nene na nyembamba, kwa hiyo hakikisha kabla ya kununua. Balaa liko kwenye Mega Drive: EA walitengeneza kigawanyishi chao, Sega wakatengeneza chao, na gemu nyingi zinakubali kimoja tu. Kwa NHL '94 chukua cha EA. Codemasters walilikwepa tatizo lote kwa kuweka matundu mawili ya padi kwenye kaseti yenyewe. Pete Sampras Tennis ni mojawapo.

Gemu za riadha zinaharibu padi?

Zinaharibu. Track & Field ya Konami inakutaka ubonyeze vitufe haraka kadiri uwezavyo, na Decathlon ya Activision ya mwaka 1983 inakutaka utikise mpini kulia na kushoto hadi mbio za mita 1,500 ziishe. Mipini mingi ya Atari ilikatikia humo. Weka padi ya akiba kwa kazi hiyo. Kwa Nintendo 64 uwe mwangalifu na kijiti cha katikati, kwani kikishalegea gemu zote zinaathirika.

Kwa nini gemu hizi haziuzwi tena kidijitali kama nyingine za zamani?

Leseni zimekwisha muda. Ili kuuza upya gemu ya mwaka 1994, kampuni ingelazimika kulipa tena ligi, wachezaji na pengine wanamuziki. Zinazorudi hurudi zimenyofolewa: Tecmo Bowl iliyokuwemo ndani ya NES Classic ya mwaka 2016 haina majina ya wachezaji, na Punch-Out!! humo ni ya Mr. Dream. Mara chache kampuni hujitutumua, kama EA ilivyotoa NHL 94 Rewind mwaka 2020 ikiwa na vikosi vya mwaka huo wa 2020.

Leseni ziliwahi kuua hata gemu zilizokuwa hai. ESPN NFL 2K5 ya mwaka 2004 iliuzwa Marekani kwa dola 19.99, chini sana ya bei ya mshindani wake, na wengi waliipenda. Desemba ya mwaka huo EA ilisaini mkataba wa kuwa peke yake na NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Mfululizo ule ukaishia hapo.

Na emuleta je?

Emuleta yenyewe ni programu tu inayoifanya kompyuta iige konsoli. Mafaili ya gemu ndiyo yenye hakimiliki, na sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kiuchezaji, emuleta nzuri kwenye kompyuta ya kawaida inatosha kabisa kwa konsoli hadi kizazi cha Super Nintendo.

Kuna watu bado wanazichezea mashindano?

Wapo, na wamejipanga. Mashabiki wa Tecmo Super Bowl na NHL '94 hutoa vikosi vipya karibu kila msimu, wakiwaingiza wachezaji wa sasa kwenye gemu ya miaka ya tisini. Mji wa Madison, Wisconsin, Marekani, una mashindano maarufu ya Tecmo, kwa kaseti na TV za chogo. Brazil wana Bomba Patch, gemu ya Konami ya PlayStation 2 iliyofanyiwa ukarabati wa mashabiki ikajazwa ligi zao na watangazaji wao. Uhai wa PlayStation 2 ulikuwa mrefu kwa vyovyote vile: FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 zote zilitoka humo mwaka 2013, konsoli ikiwa na miaka 13.

Kwa nini gemu za spoti za zamani ni bei chee?

Zilichapishwa kwa wingi na mpya ilitoka kila mwaka, hivyo ya jana ilitupwa kapuni. Kwa anayetaka kucheza hiyo ni neema. Ya pekee ya kuangalia ni Stadium Events ya NES, ya mwaka 1987, toleo la Marekani ya Kaskazini. Ilichezwa kwa kukimbia juu ya mkeka wa Bandai. Nintendo ilichukua haki za mkeka huo, ikaubatiza Power Pad, na gemu ikarudi sokoni kwa jina la World Class Track Meet. Nakala chache za mwanzo zilizoponyoka sasa zinauzwa kwa maelfu ya dola. World Class Track Meet karibu ni gemu ileile, na inapatikana kwa urahisi. Mkeka ndio mgumu kuupata mzima.